SOMO LA MWEZI: MTU ALIYENYANG'ANYWA NJIANI, NA MGENI ALIYESIMAMA

Andiko la msingi: Luka 10:25-37



Mwezi huu tumeona vema tujifunze habari ya msafiri aliyeibiwa. Sababu ni hii: sisi ni watu wa njiani. Hakuna nyumba kati yetu isiyo na mtu aliyevuka mpaka. Mmoja anakwenda kumwona mgonjwa katika makazi ya nchi nyingine, mwingine anafuata biashara ya vitenge au samaki, mwingine anawahi mazishi. Na wengi wamerudi mikono mitupu. Mfuko umekatwa ndani ya basi, simu imenyakuliwa stendi, kadi ya ukimbizi imekwenda pamoja na pochi.

Katika vikundi vya nyumba kwa nyumba swali limeulizwa: mgeni aliyeibiwa akifika mlangoni kwetu tumfanyie nini, hasa akiwa si mtu wa kwetu? Mmoja alijibu upesi, "Sisi ni wakimbizi. Sisi ndio wa kusaidiwa, si wa kusaidia." Neno hilo limekaa mioyoni mwetu. Tulilete mbele ya Maandiko, tuone kama linaweza kusimama.

Kabla ya kuendelea, tafadhali fungua Biblia yako usome andiko la msingi lote, polepole, na kwa sauti kama nyumbani kuna wasiojua kusoma.

1. NJIA YA YERIKO

Bwana Yesu alitaja njia ambayo kila msikilizaji wake aliijua. Yerusalemu uko milimani, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Yeriko uko bondeni karibu na mto Yordani, zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Kati ya miji hiyo miwili ni yapata kilomita 27 tu, lakini ni mteremko wa karibu mita 1000, katika nchi kavu yenye makorongo, mapango na kona nyingi. Mtu mwenye afya aliweza kuitembea kwa siku moja. Mnyang'anyi naye aliweza kujificha nyuma ya mwamba, akapiga, akatoweka kabla kilio hakijasikika.

Mwandishi Myahudi wa karne ya kwanza aitwaye Yosefo aliandika habari za kundi la Waeseni. Anasema waliposafiri hawakuchukua kitu isipokuwa silaha, kwa sababu ya wanyang'anyi. Basi hatari za njiani zilikuwa jambo la kawaida katika nchi ile.

Nasi tunazijua njia za namna hiyo. Ni pale ambapo dereva huwaambia abiria wafunge madirisha. Ni pale ambapo mtu wa boda hakubali kupita baada ya saa kumi na mbili jioni, hata umwongezee nauli.

2. MTU YULE ALIPOTEZA NINI?

Mstari wa 30 unatuonyesha kwamba walimvua nguo, wakampiga, wakamwacha akiwa katikati ya uzima na mauti. Tuangalie hasa habari ya nguo. Siku zile mavazi na lugha ndivyo vilivyomtambulisha mtu. Aliyevuliwa nguo, na asiyeweza kusema kwa sababu ya kupigwa, hakuna awezaye kujua ni wa kabila gani, wa mji gani, wala ni mwana wa nani. Mtu yule hakuwa na kitambulisho.

Sisi tunaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Aliyeibiwa kadi ugenini hakupoteza kipande cha plastiki tu. Amepoteza jibu lake kwa swali la askari kizuizini: wewe ni nani, na unatoka wapi? Aliyeibiwa simu amepoteza namba zote za ndugu zake, maana siku hizi hatuzishiki kichwani. Kwa hiyo tusipime hasara ya mwenzetu kwa fedha tu.

Tena angalieni, Bwana Yesu hakusema mtu yule alikuwa mjinga, wala hakusema alikuwa na dhambi ya siri. Mtume Paulo naye, katika 2 Wakorintho 11:26, anahesabu wanyang'anyi miongoni mwa hatari za safari zake, pamoja na mito na bahari. Kuibiwa si alama ya laana. Lakini kati yetu kuna tabia ya kumwuliza aliyeibiwa, "Ulikuwa unatafuta nini huko?" au "Kwa nini hukuomba kabla ya kuondoka?" Maneno hayo ni kama kumpiga mara ya pili. Tuyaache.

3. WALE WALIOPITA

Kuhani alimwona akapita upande mwingine. Mlawi naye vivyo hivyo. Wengine humtetea kuhani wakisema Torati ilimkataza kujitia unajisi kwa maiti, isipokuwa ya jamaa yake wa karibu (Mambo ya Walawi 21:1-3). Ni kweli sheria hiyo ipo. Lakini mtu yule hakuwa amekufa. Tena Luka anasema kuhani alikuwa anashuka, yaani alikuwa anatoka upande wa Yerusalemu, si kwamba alikuwa anawahi kuingia Hekaluni.

Yawezekana waliogopa. Labda wanyang'anyi walikuwa bado karibu. Labda mtu yule aliwekwa pale kama mtego. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Hata sisi tumewahi kusikia habari za watu wanaolala barabarani ili gari lisimame. Lakini Bwana Yesu hakutaja sababu zao hata moja. Aliyelala chini haoni sababu za wanaopita. Anasikia tu hatua za miguu zikija, na kisha zikienda.

4. MSAMARIA ALIKUWA NANI?

Leo neno "Msamaria" limekuwa jina zuri. Tunalisikia kwenye hospitali na kwenye vikundi vya msaada. Siku zile halikuwa hivyo, na tusipofahamu jambo hili tutapoteza nguvu ya mfano wote.

Mwaka 722 kabla ya Kristo, Waashuru waliuteka Samaria, wakahamisha watu na kuleta mataifa mengine wakae mahali pao (2 Wafalme 17:24). Wayahudi waliwahesabu Wasamaria kuwa watu waliochanganyika, katika damu na katika dini. Wasamaria walikuwa na hekalu lao juu ya mlima Gerizimu. Yapata mwaka 110 kabla ya Kristo, mtawala wa Wayahudi aitwaye Yohana Hirkano alilibomoa. Yosefo anasimulia tena kwamba wakati wa liwali Koponio, Yesu akiwa bado mtoto, Wasamaria wengine waliingia Hekalu la Yerusalemu usiku wakati wa Pasaka, wakatawanya mifupa ya watu humo.

Basi kila upande ulikuwa na kumbukumbu zake. Kila mama alikuwa na habari ya kumsimulia mtoto wake kuhusu walichotendewa na watu wale. Wapendwa, hatuhitaji kufafanua zaidi. Tunajua maana yake.

Sasa rudini sura moja nyuma, Luka 9:51-56. Hapo Bwana Yesu mwenyewe alikuwa njiani, akatuma watu wamtafutie mahali katika kijiji cha Wasamaria. Wakamkataa, kwa sababu alikuwa anaelekea Yerusalemu. Yakobo na Yohana walikasirika, wakataka moto ushuke uwateketeze wanakijiji wale. Bwana aliwakemea wanafunzi wake. Kisha, katika sura inayofuata, Yeye aliyenyimwa malazi na Wasamaria akasimulia habari ya Msamaria aliyelipia malazi ya mtu ambaye kila msikilizaji alimdhania kuwa Myahudi. Hakuwalipa ubaya hata katika mfano aliosimulia.

Mwana-sheria aliyeuliza swali alipata taabu kujibu. Alipoulizwa ni nani aliyekuwa jirani, hakulitaja jina la Msamaria. Alisema tu ni yule aliyeonyesha huruma. Jina lenyewe lilikwama kooni.

Tufahamu pia kwamba Wasamaria wapo hata leo. Hawafiki elfu moja, na wanaishi kwenye mlima Gerizimu karibu na mji wa Nablus na katika mji wa Holon nchini Israeli.

5. MSAMARIA NAYE ALIKUWA UGENINI

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Mstari wa 33 unasema Msamaria alikuwa katika safari yake. Njia ya Yerusalemu kwenda Yeriko haikuwa katika Samaria. Ilikuwa katika Uyahudi. Kwa maneno mengine, mtu aliyesaidia ndiye aliyekuwa mgeni katika nchi ile.

Fikirini alijihatarisha kiasi gani. Yuko katika nchi ya watu wasiompenda. Ana mtu aliyejaa damu juu ya mnyama wake. Kama wangetokea jamaa za yule mtu, wangemdhania nani kuwa ndiye mnyang'anyi? Wangemdhania yeye. Msamaria alikuwa na sababu nyingi za kupita kuliko kuhani na Mlawi. Angeweza kusema, "Mimi ni mgeni hapa. Mambo ya nchi hii yana wenyewe. Sisi ndio tunaoonewa."

Sasa turudi kwenye lile neno lililosemwa katika kikundi cha nyumbani. Tukisoma mfano huu, sisi wakimbizi huwa tunajiona katika mtu mmoja tu, yule aliyelala kando ya njia. Ni kweli tumelala pale. Tuliporwa nyumba, mashamba na mifugo, na wengine tuliporwa wapendwa wetu. Lakini Bwana Yesu ametuwekea katika mfano uleule mtu mwingine anayefanana nasi: mgeni, asiyependwa, mwenye mafuta kidogo na divai kidogo ya safari, na bado akasimama. Ukimbizi haukutuondoa katika daraja ya watu wanaoweza kutenda wema. Mtu asitunyang'anye na hilo pia.

6. ALIFANYA NINI, NA WAPI ALIKOMEA?

Tuangalie matendo yake moja moja, maana huruma yake ilikuwa na mikono.

(a) Alimkaribia. Wale wawili waliona wakaenda upande mwingine, yeye aliona akasogea.

(b) Alitumia alivyokuwa navyo. Divai husafisha kidonda, mafuta hukilainisha. Hakwenda kwanza kutafuta mradi wa dawa.

(c) Alimpandisha juu ya mnyama wake, maana yake yeye mwenyewe alitembea kwa miguu.

(d) Alimpeleka mahali salama, akakaa naye usiku ule.

(e) Alitoa dinari mbili. Katika Mathayo 20:2 tunaona dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Alitoa basi kazi ya siku mbili.

(f) Alimshirikisha mtu mwingine. Mwenye nyumba ya wageni alipewa sehemu yake ya kazi.

(g) Aliahidi kurudi na kulipa kitakachozidi.

Angalieni pia mahali alipokomea. Asubuhi aliendelea na safari yake. Hakuvunja safari, hakumchukua mtu yule kuwa mzigo wa maisha yake yote, wala hakudai amwongoe kwanza. Wazee wetu husema, tenda wema uende zako. Msamaria alikwenda zake, lakini aliacha ahadi nyuma yake. Hili litufariji sisi wenye uwezo mdogo. Hatuambiwi tumalize shida zote za aliyeibiwa. Tunaambiwa tufanye sehemu yetu, kisha tumkabidhi kwa mwingine kwa uaminifu.

7. USHUHUDA KUTOKA KATI YETU

Mama mmoja wa kanisa letu ametoa ruhusa tusimulie habari yake bila kumtaja jina. Alikuwa anavuka nchi kwa basi kumfuata dada yake mgonjwa. Abiria wa kiti cha pili alimkaribisha soda. Alipoamka, basi lilikuwa limesimama katika mji wa mpakani asioujua. Abiria yule hayupo, na mfuko haupo. Ndani yake kulikuwa na kadi, simu, nauli ya kurudia na dawa za dada yake.

Alikaa chini stendi akalia. Watu walipita. Mama muuza chai na chapati, Mwislamu mwenye mtandio, alimwita akae kwenye benchi lake. Alimpa chai kabla ya kumwuliza lolote. Kisha akamwita kijana aliyekuwa akinywa chai pale, akamwambia ampe mgeni simu apige. Kijana alipofungua kinywa, mama yetu alisikia lafudhi yake, na mwili ukamtetemeka. Ilikuwa lafudhi ya watu ambao yeye aliwakimbia usiku akiwa na watoto wawili mgongoni na mkononi.

Anasema alitaka kuinuka aondoke. Lakini hakuwa na pa kwenda. Kijana alimpa simu, akasogea mbali kidogo ili aongee kwa uhuru. Mama yetu hakukumbuka namba ya dada yake. Alikumbuka namba moja tu, ya mzee wa kanisa letu, kwa sababu imeandikwa ukutani kanisani. Kwa namba hiyo sisi tulipata habari. Jioni kijana alimsindikiza kituo cha polisi, akangoja mpaka karatasi ya upotevu ilipoandikwa, akalipa boda ya kumrudisha. Usiku mama wa chai alimlaza nyumbani kwake pamoja na binti zake. Kesho yake tulituma nauli kwa simu ya mama huyo.

Baadaye kanisa lilikusanya fedha kidogo kuwarudishia. Mama wa chai alipokea kwa shukrani, maana naye ana watoto wa kulisha. Kijana tumempigia mara nyingi, na namba yake haipatikani. Deni lake liko kwetu mpaka leo.

Mama yetu hakusema kwamba sasa amesahau yaliyompata. Alisema hivi: "Yaliyotendeka yalitendeka. Lakini siwezi tena kusema wote." Tunaomba kila mmoja achukue neno hilo nyumbani. Msamaha una njia ndefu, na hatumharakishi mtu. Ila kuacha kusema "wote" ni hatua ambayo kila mmoja wetu anaweza kuianza leo.

8. DAUDI NA KIJANA WA KIMISRI

Kuna andiko lingine linalotufaa sana, 1 Samweli 30. Daudi na watu wake walirudi Siklagi wakakuta mji umechomwa moto, na wake zao na watoto wao wametekwa na Waamaleki. Walilia mpaka wakaishiwa nguvu. Kwa uchungu watu walitaka hata kumpiga Daudi kwa mawe. Hao ni watu walioporwa kama sisi.

Walipokuwa wakifuatia, walimkuta kijana wa Kimisri ameanguka shambani. Hakuwa amekula wala kunywa kwa siku tatu. Angalieni utaratibu wao. Walimpa mkate, maji, kipande cha andazi la tini na vichala viwili vya zabibu kavu. Roho yake ilipomrudia, ndipo Daudi akamwuliza yeye ni wa nani na anatoka wapi. Chakula kwanza, maswali baadaye, sawasawa na mama yule wa chai.

Na jibu lake lilikuwa gumu. Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki, na alikuwamo katika uvamizi ule uliochoma Siklagi. Bwana wake alimtupa alipougua. Daudi alimhakikishia usalama, na kijana yule ndiye aliyewaongoza mpaka wakawapata watu wao wote wakiwa hai. Kama wangempita kando ya njia, nani angewaonyesha njia?

9. NA WAONGO JE?

Tuseme ukweli. Wako watu wanaojifanya wameibiwa. Wanapita nyumba kwa nyumba na habari ileile, na kesho wanaonekana kwenye pombe. Wamama wengine wamedanganywa mara mbili au tatu, na mioyo imekauka. Hatusemi mfumbe macho. Tunashauri hivi:

- Toa chakula, maji na mahali pa kukaa kwanza. Mwongo hataki sana uji, anataka fedha.
- Usishughulike naye peke yako. Ita jirani, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kijiji. Mgeni wa kweli hatakataa kuonekana.
- Mpe nafasi apige simu kwa ndugu zake wewe ukiwapo, ukiishika simu yako. Usimpe mtu namba yako ya siri ya fedha, hata kama anasema anatumiwa hela.
- Nauli ikipatikana, mkatie tiketi badala ya kumpa fedha mkononi.
- Mwanamke alazwe na wanawake. Mtoto aliye peke yake apelekwe mara moja kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto.
- Aliyejeruhiwa au kubakwa apelekwe kituo cha afya siku ileile. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora.

Ukidanganywa baada ya kufanya hayo, umepoteza sahani ya ugali. Ukimfukuza aliye mkweli, huenda umepoteza mtu.

10. WEWE MWENYEWE UKIIBIWA SAFARINI

Kabla ya safari, andika namba tatu za simu kwenye karatasi uishone ndani ya nguo. Acha nakala ya kadi yako kwa mtu wa nyumbani. Gawanya fedha mahali pawili. Usipokee kinywaji kilichofunguliwa. Chukua kibali cha kutoka mahali kinapotakiwa. Nchini Tanzania, kwa mfano, mkimbizi hutakiwa kuwa na kibali ili atoke kambini.

Ukiibiwa, usikimbie peke yako kumfuata mwizi. Kaa penye watu, na ikiwezekana mwendee mwanamke mwenye biashara yake palepale stendi, maana anajulikana. Azima simu, piga kwa kampuni ya mtandao wako wafunge laini na akaunti ya fedha. Nenda polisi uandikiwe karatasi ya upotevu. Kisha toa taarifa kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi au kwa HCR.

Na jueni hili: kadi ikipotea, ukimbizi wako haukupotea, maana kumbukumbu zako ziko ofisini. Mkataba wa Geneva wa 1951 unazitaka nchi zilizouridhia zimpe hati ya utambulisho mkimbizi aliye ndani ya nchi asiye na hati ya kusafiria (kifungu cha 27), na hati ya kusafiria kwa anayekaa nchini kihalali (kifungu cha 28). Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 nao unasema habari za hati za kusafiria katika kifungu cha 6. Ofisi zinaweza kuchelewa, lakini kuomba si kuomba sadaka.

Tena, usione haya kupokea. Yule mtu wa Yeriko alikubali kubebwa. Wako ndugu ambao kwa kiburi wamelala njaa stendi kuliko kupokea chapati ya mtu wa dini nyingine. Kupokea kwa shukrani nako ni imani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Ni watu gani ambao jina lao linakwama kooni mwako kama lilivyomkwama mwana-sheria? Kila mmoja ajibu moyoni kwanza.
2. Torati, katika Mambo ya Walawi 19:33-34, iliwaagiza Waisraeli wampende mgeni kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Je, kukumbuka mateso hutufanya laini au wagumu?
3. Katika mambo saba aliyoyafanya Msamaria, ni lipi kikundi chenu kinaweza kulifanya bila kungoja msaada wa shirika?
4. Usiku wa leo mgeni aliyeibiwa akigonga, ni nyumba ipi katika kijiji chenu ina mkeka wa ziada? Patana na wenzako kabla hajagonga.
5. Je, namba ya simu ya mzee wa kanisa imeandikwa mahali ambapo hata watoto wanaweza kuikariri?

Wapendwa, wazee wa kanisa wamekubali kwamba ile fedha iliyokusanywa kwa ajili ya kijana tusiyempata iwekwe kando katika bahasha yake. Atakayefika kwetu ameibiwa, awe wa kabila lolote na dini yoyote, nauli yake itatoka humo. Mwenye kuongeza, ampelekee mtunza hazina siku ya Jumapili baada ya ibada.

Tuombe: Ee Bwana, Wewe uliyetembea bila mahali pa kulaza kichwa, walinde wote walio njiani usiku huu. Wabariki waliotusaidia ambao hatujui waliko. Utuondolee hofu ya kumkaribia aliyeanguka, na aibu ya kuinuliwa. Amina.

Mungu awabariki. Tukutane katika somo la mwezi ujao.